Rula Moja kwa Chombo Chote: Somo la Mashua za Mfano



Safari hii tunaongelea jambo ambalo wengi hawalitegemei kwenye masomo ya kiroho: kutengeneza mashua na meli ndogo za mbao, zile za kuweka mezani au kuelea kwenye beseni. Najua kuna mtu wa Kibondo anacheka saa hizi: "Frateri, huku kwetu ni vilima na mihogo, meli za nini?" Subiri kidogo. Ziwa liko mbali na sisi, sawa, lakini maji yetu yanalijua. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Kasulu na Kibondo, sehemu yake kubwa inaingia Mto Malagarasi, na Malagarasi unaishia Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo meli si habari za watu wengine.

Kabla hujaendelea, fungua Biblia usome: Mwanzo 1:26-27, Mwanzo 6:13-16, Kumbukumbu la Torati 25:13-16, Hekima 14:1-7, Marko 4:35-41, Luka 16:10. Ukikosa muda, soma angalau ya Mwanzo na ya Marko.

1. KUCHEZA SI DHAMBI

Tuanze na wasiwasi wa kawaida. Kijana Mkatoliki anayetaka kuwa makini na imani yake anaweza kujiuliza: je, ni halali kukaa saa mbili nachonga kimashua wakati ningeweza kusali rozari au kupalilia maharage?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilijibu swali hili karne ya 13, kwenye Summa yake, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 168. Anasema akili huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko la akili ni mchezo. Anasimulia habari ya kale ya Mtakatifu Yohane Mwinjili: watu walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakakwazika. Yohane akamwomba mmoja wao mwenye upinde apige mshale, halafu mwingine, halafu mwingine. Kisha akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Yule akasema hapana, upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu isipolegezwa.

Lakini Tomaso anaweka mipaka mitatu. Mchezo usiwe wa mambo machafu au yenye madhara. Usikufanye upoteze utulivu wa akili. Na ufae mtu, wakati na mahali. Sasa chukua mipaka hiyo uipeleke kijiweni. Kubeti nako kunajiita mchezo, si ndiyo? Kijana anashinda na simu, anatengeneza mkeka, usiku halali akisubiri timu ya nchi ambayo hajui hata iko wapi. Mkeka ukichanika, hela ya mbolea imekwenda. Utulivu wa akili uko wapi hapo? Unaingia na shilingi unatoka na hasira. Mwenye kipande cha mbao na msasa anaingia na kipande cha mbao anatoka na chombo. Na hata chombo kikiharibika, amejifunza kitu cha kufanya kesho.

2. NENO "MFANO"

Lugha yetu imetupa zawadi hapa. Chombo kidogo kinachoiga chombo kikubwa tunakiita mfano. Mafundisho ya Yesu kuhusu mpanzi na mwana mpotevu nayo tunayaita mifano. Mtu wa kuigwa tunasema ni mfano bora. Na Kitabu cha Mwanzo kinatuambia kwamba mtu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu.

Kwa hiyo ukishika mashua ya mfano umeshika swali kubwa: ni nini kinafanya mfano uwe wa kweli? Ukubwa sio, maana mfano kwa kawaida ni mdogo kuliko kitu chenyewe. Mbao nazo hapana, maana unaweza kutengeneza kwa mbao mfano wa meli ya chuma. Kinachoufanya mfano uwe wa kweli ni uwiano: sehemu zake zinahusiana zenyewe kwa zenyewe kama zinavyohusiana sehemu za chombo halisi. Urefu ukiwa mara saba ya upana kule, uwe mara saba na hapa.

Tomaso anagusa jambo la karibu na hili anapoeleza uumbaji wa mtu. Anasema Mwana peke yake ndiye sura kamili ya Baba. Sisi tumeumbwa kuielekea sura hiyo. Yaani bado tuko mezani kwa fundi. Hatuna ukubwa wa Mungu na hatutakuwa nao, lakini uwiano unawezekana: upendo wake unaweza kuonekana katika upendo wetu mdogo, na uaminifu wake katika ahadi zetu ndogo. Ndiyo maana Yesu katika Luka 16 anaunganisha uaminifu wa kidogo na uaminifu wa kikubwa, kana kwamba ni kitu kilekile kwa skeli tofauti.

Tena kidogo kinaweza kutunza kikubwa. Pwani yetu ya Waswahili ilikuwa na chombo kilichoitwa mtepe. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila misumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 mitepe ikatoweka baharini. Leo anayetaka kujua mtepe ulikuwaje anategemea picha, michoro na mifano midogo iliyohifadhiwa kwenye makumbusho. Vile vikubwa vimeoza. Vile vidogo vilivyotengenezwa kwa uaminifu ndivyo vinavyotoa ushahidi. Wewe unayeona maisha ya Kibondo ni madogo mno kufaa kitu, litafakari hilo.

3. ANZA NA SAFINA: RULA YAKO INATOSHA

Sasa tushike kazi. Chombo cha kwanza kinachomfaa anayeanza ni safina ya Nuhu, kwa sababu vipimo vyake tumepewa: dhiraa 300 urefu, 50 upana na 30 kimo, na ghorofa tatu. Chukua rula yako ya shule, ile ya sentimita 30. Kila milimita iwe dhiraa moja. Milimita 300 ndiyo rula nzima! Urefu wa safina umeushika mkononi. Upana ni sentimita 5, kimo sentimita 3.

Nenda kwa fundi seremala umwombe mabaki ya mbao za paini. Mara nyingi yanaishia jikoni tu. Tafuta vipande vitatu vya unene wa sentimita moja, kila kimoja sentimita 30 kwa 5. Kila kipande ni ghorofa moja. Pake gundi ya mbao, vipange kimoja juu ya kingine, vifunge kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, uviache hadi kesho yake. Halafu piga msasa ukifuata nyuzi za mbao. Ukienda kinyume cha nyuzi utaikwaruza. Chora mlango ubavuni. Umemaliza.

Sasa ipime kwa akili. Dhiraa ni kama sentimita 45, kwa hiyo safina yenyewe ingekuwa na mita 135 hivi, na mfano wako uko kwenye skeli ya 1 kwa 450. Kwa skeli hiyo mtu mzima anakuwa na milimita 4, kama punje ya mtama. Weka punje ya mtama pembeni ya safina yako uitazame. Kwa watoto wa Utoto Mtakatifu, hilo linafundisha kuliko maelezo ya nusu saa: watu wanane, punje nane, ndani ya chombo kikubwa namna ile, na aliyewahifadhi ni Mungu.

4. LIEMBA, NA WATU WALIOMO

Ukishazoea, sogea kwenye chombo chetu wenyewe: Liemba. Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipandevipande ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikapelekwa Kigoma kuungwa upya. Ilishushwa majini Februari 1915. Julai 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini mafundi walipaka kwanza mashine zake grisi nyingi zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiinua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

Urefu wake ni mita 71 hivi na upana mita 10. Kwa skeli ya 1 kwa 100, mfano wako utakuwa na sentimita 71 kwa 10. Unatosha kwenye meza ya kawaida.

Ila mfano wa meli bila watu haujakamilika. Mei 2015, wakati wa machafuko ya Burundi, maelfu kwa maelfu ya watu walikimbilia kijiji cha Kagunga, ufukweni kwenye mpaka. Hapakuwa na nafasi ya kutosha, kipindupindu kikaingia. Liemba ikawa inakwenda na kurudi ikibeba mamia ya watu kwa safari hadi Kigoma, na kutoka hapo walipandishwa magari hadi Nyarugusu, hapa hapa Kasulu. Baadaye mwaka huohuo na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa kuwapokea. Na Nyarugusu yenyewe ilianza 1996 kwa ajili ya Wakongo, wengi wao wakiwa wamelivuka ziwa hilohilo kukimbia vita.

Sasa hapa ndipo somo lilipo. Kwa skeli ya 1 kwa 100, mama mwenye sentimita 160 anakuwa na sentimita 1.6. Mtoto wa sentimita 90 anakuwa na milimita 9. Nahodha mwenye sentimita 170 anakuwa na sentimita 1.7. Ukimfanya nahodha awe na sentimita 3 kwa sababu ni mkubwa wa chombo, umeharibu kila kitu. Ukiwafanya abiria wawe nukta tu kwa sababu ni wengi na ni wakimbizi, umeharibu vilevile. Sheria ya mfano ni moja: rula moja kwa chombo chote na kwa kila aliyemo.

Kumbukumbu la Torati 25 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo. Wengi tunafikiri hilo ni la wafanyabiashara wa sokoni. Hebu tujichunguze. Kijana wa mtaani kwetu akiiba kuku tunasema "ujana tu, atabadilika." Wa kambini akiiba kuku tunasema "ndivyo walivyo." Kuku ni yuleyule, rula ndizo mbili. Akija kwaya binti anayeongea Kirundi, ambacho Muha anakielewa bila mkalimani, bado tunamtafutia kiti cha mwisho. Mungu amemchora kwa sura yake kwa skeli ileile aliyokuchorea wewe. Usimpunguze.

5. KIGEZO

Turudi kwenye kazi ya mikono. Umbo la chini la meli halichongwi kwa kukisia. Chukua karatasi, ikunje katikati kwa urefu, chora nusu ya umbo la meli ukiitazama kutoka juu, kisha kata ikiwa imekunjwa. Ukiifungua, pande mbili zinalingana. Kwa karatasi hiyo utakata tabaka za mbao na kuzigundisha kama ulivyofanya kwenye safina, ila za chini ziwe nyembamba zaidi. Zikikauka, tumia randa, tupa na msasa kuondoa ngazi kati ya tabaka na tabaka.

Halafu kata kigezo: kipande cha katoni chenye mviringo wa ubavu wa meli. Kiweke ubavu wa kulia. Panapogusa mbao pana nundu, punguza. Kihamishie ubavu wa kushoto, fanya vilevile. Kigezo ni kilekile pande zote mbili. Upande mmoja ukinenepa, chombo kitalala majini, hata rangi yake ipendeze vipi.

Jambo la kuangalia ni hili: usipime ubavu wa kushoto kwa kuulinganisha na wa kulia. Pima zote kwa kigezo. Ukilinganisha ubavu kwa ubavu, kosa la mmoja linahamia kwa mwingine. Nasi tuna kawaida hiyo: "Angalau mimi si kama fulani." Fulani sio kigezo chako. Kigezo ni Kristo, na ukikiweka ubavuni kila jioni katika kutafakari dhamiri, utaona nundu iko wapi. Hutamaliza kwa siku moja. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na hapa gogo ni wewe mwenyewe.

6. UPEPO HAUPUNGUI

Ukitaka kutengeneza chombo chenye tanga, kama jahazi, utakutana na fumbo. Utapunguza kila kitu sawasawa: mkuku, ambao ndio uti wa mgongo wa chombo, mlingoti, foromali na tanga. Uwiano safi kabisa. Ukikiweka bwawani, upepo unakuja na chombo kinalala palepale. Kwa nini?

Kwa sababu umepunguza chombo, lakini upepo hujaupunguza. Ukifanya urefu kuwa sehemu ya mia, uzito haupungui mara mia. Unapungua mara milioni, maana urefu, upana na kimo vyote vimepungua mara mia. Chombo kimekuwa chepesi mno, na upepo ni uleule unaosukuma majahazi makubwa. Dawa yake ni farumi, yaani uzito unaowekwa chini kabisa ya chombo ili kisipinduke. Kwa chombo kidogo, vipande vya chuma au misumari iliyofungwa chini ya mkuku inatosha. Lazima uzito uwe chini. Ukiuweka juu unaharakisha kupinduka.

Kijana wa kijijini husikia eti majaribu ni ya watu wa Dar es Salaam. Si kweli. Simu iliyoko Kasulu inaleta picha zilezile, michezo ya kubahatisha ileile na mikopo ya mtandaoni ileile. Parokia yako ni ndogo, kipato chako ni kidogo, lakini upepo unakuja wote. Basi usijidanganye kwamba farumi kidogo inatosha. Unahitaji uzito chini: sala ya kila siku hata kama ni fupi, kitubio kisichosubiri Pasaka, Misa ya Dominika, na rafiki mmoja anayeweza kukuambia ukweli. Vitu hivi havionekani. Farumi nayo haionekani chombo kikiwa majini, lakini ndiyo inayokishikilia.

Ndani ya Marko 4 Yesu alikuwa amelala kwenye shetri, nyuma ya chombo, wakati mawimbi yanaingia. Wanafunzi waliona kulala kwake ni kutojali. Kumbe utulivu ule ndio ulikuwa uzito wa chombo kile.

7. TAHADHARI

Hekima 14 inamcheka kidogo mtu anayejiandaa kusafiri, halafu anaomba msaada kwa kinyago cha mti kilicho dhaifu kuliko mashua inayombeba. Nasi tunaweza kufanya hivyo kwa mambo tunayoyapenda. Ukiona unaacha jumuiya ndogondogo kwa sababu ya gundi, au mdogo wako akigusa mlingoti unampiga, chombo kimekuwa kinyago. Fuata ule mpaka wa Tomaso: mtu, wakati na mahali. Msimu wa kupanda, shamba kwanza. Na ukienda kuelea vyombo bwawani, usiwaache watoto peke yao.

MASWALI YA TAFAKARI (VIWAWA na TYCS mnaweza kuyatumia kwenye kikundi)

1. Ni mchezo gani unaokupumzisha kweli, na ni upi unaokuacha umechoka zaidi?
2. Ni nani unayempima kwa rula tofauti na ile unayojipimia?
3. Farumi yako ni nini, na mara ya mwisho uliiongeza lini?

ZOEZI LA WIKI

Tengeneza safina ya sentimita 30. Usiifanye peke yako: mwalike kijana mmoja ambaye hamkai naye benchi moja kanisani, na akiwa ametoka upande wa pili wa ziwa ni vizuri zaidi. Mmoja ashike mbao, mwingine apime. Tumieni rula moja.

SALA

Ee Bwana Yesu, Mwana wa seremala, uliyeshika mbao kwa mikono yako Nazareti na kwa mti wa msalaba ukatuvusha: tufundishe kupima kwa haki. Utuondolee rula ya pili tunayoificha mfukoni. Utupe uzito wa ndani upepo unapokuja, na uwafikishe pwani salama wote wanaovuka maji usiku huu. Mtakatifu Yosefu, fundi mwaminifu, utuombee. Amina.